Viza ya kazi Uingereza: Mwajiri anakudhamini vipi, na nani anapaswa kulipa nini?

Matangazo ya kuuza "udhamini" wa kwenda kufanya kazi Uingereza hayaishi kwenye makundi ya WhatsApp. Anayeuza huahidi kazi, cheti na viza kwa mpigo mmoja, na bei yake si ya mchezo. Wapo wanaouza kiwanja, wapo wanaokopa Sacco, na wapo wanaochangiwa na ukoo mzima ili walipie.

Shida ni moja tu: kwa utaratibu wa Uingereza, udhamini hauuzwi kwa mfanyakazi. Mwajiri ndiye anayeomba leseni, ndiye anayetoa cheti, na ndiye anayelipia vyote viwili. Mfanyakazi ana ada zake pia, lakini hizo huzilipa serikalini wakati wa kuomba viza. Hazipiti mfukoni mwa bosi wala ajenti.

Ndiyo maana ni vizuri kuujua mfumo huu kutoka upande wa mwajiri. Ukishajua yeye anatakiwa kufanya nini, ni rahisi kugundua kama kazi uliyoahidiwa ipo kweli au unapigwa.

Ni viza gani hasa?

Njia kuu inaitwa Skilled Worker, yaani viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Ilianza Desemba 1, 2020 na kuchukua nafasi ya viza iliyojulikana kama Tier 2. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, hata Mfaransa au Mpolandi anayetaka kuhamia huko kikazi kwa mara ya kwanza anapita njia hiyohiyo.

Ndani yake kuna tawi la Health and Care, ambalo ni la madaktari, wauguzi na wataalamu wengine wa afya. Masharti yanafanana kwa sehemu kubwa, ila ada zake ni nafuu zaidi.

Wengi hudhani safari inaanza pale muombaji anapojaza fomu. Sivyo. Inaanza ofisini kwa mwajiri, pengine miezi kadhaa kabla.

Hatua ya kwanza: Mwajiri apate leseni

Kampuni, hospitali, shule au kanisa haliwezi kumdhamini mtu kutoka nje bila leseni ya udhamini. Leseni hii hutolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, Home Office, kupitia kitengo chake cha viza na uhamiaji.

Mwajiri anatakiwa kuonyesha mambo haya:

- Taasisi yake ni halali na inafanya shughuli zake Uingereza.
- Ana watu maalumu wa kusimamia udhamini, akiwemo ofisa mmoja mwandamizi anayebeba dhamana ya kila kinachofanyika.
- Ana mfumo wa kutunza kumbukumbu za wafanyakazi: mikataba, mishahara, mahudhurio na anwani.
- Kazi anayotaka kumpa mgeni ipo kweli, haikutungwa ili mtu apate viza.

Maofisa wa wizara wanaweza kufika kazini kukagua kabla au baada ya kutoa leseni, na si lazima wapige simu kwanza. Maombi mengi hujibiwa ndani ya wiki 8.

Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ada ya leseni ilikuwa pauni 574 kwa kampuni ndogo na taasisi za hisani, na pauni 1,579 kwa kampuni za kati na kubwa.

Mwajiri akikubaliwa hupewa daraja A. Akizembea anaweza kushushwa hadi daraja B, na hapo haruhusiwi kutoa vyeti kwa wafanyakazi wapya mpaka arekebishe kasoro zake. Akivuruga zaidi, leseni inafutwa.

Jambo muhimu kwa msomaji ni kwamba orodha ya waajiri wote wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk. Unaipakua bure hata kwa simu. Inaonyesha jina la mwajiri, mji wake, daraja lake na aina ya viza anazoruhusiwa kudhamini. Usiishie kutafuta jina tu. Angalia kama daraja ni A, na kama njia iliyoandikwa ni Skilled Worker.

Hatua ya pili: Kazi yenyewe ikidhi vigezo

Kuwa na leseni hakumruhusu mwajiri kumleta mtu yeyote kwa kazi yoyote. Hapa sheria zimekazwa sana miaka ya karibuni.

Tangu Julai 22, 2025, kazi inatakiwa iwe ya kiwango cha shahada. Haimaanishi lazima wewe uwe na digrii. Maana yake ni kwamba kazi yenyewe iko kwenye kundi hilo, mfano uhandisi, uhasibu wa juu, ualimu, programu za kompyuta, uuguzi au udaktari. Zipo kazi chache za chini ya hapo zilizobaki kwenye orodha maalumu za muda.

Mabadiliko hayo yalizifungia nje kazi nyingi. Mwenye mgahawa London, kwa mfano, hawezi tena kumleta mpishi mpya kutoka Mombasa kwa njia hii, hata kama biriani yake haina mpinzani.

Siku hiyohiyo mlango ulifungwa pia kwa kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani na kwenye vituo vya malezi. Waajiri hawaruhusiwi tena kudhamini wahudumu wapya kutoka nje ya nchi. Waliokuwa tayari ndani ya Uingereza waliwekewa masharti yao ya mpito. Kwa hiyo anayekuuzia leo nafasi ya "care worker" ukiwa Nairobi, Arusha au Kampala anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Mshahara nao una kima chake. Tangu Julai 2025, kima cha kawaida ni pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango kilichopangwa kwa kazi husika, kile kilicho kikubwa zaidi. Vijana wanaoanza kazi wana kima cha chini zaidi, pauni 33,400, wakikidhi masharti. Wafanyakazi wa afya na walimu wanaolipwa kwa ngazi za mishahara za kitaifa wana utaratibu wao, ambao kima chake huanzia pauni 25,000.

Kinachohesabiwa ni mshahara wa msingi uliohakikishwa kwenye mkataba. Nyumba ya bure, posho ya usafiri au ovataimu isiyo na uhakika haviongezi hesabu.

Sharti la zamani la mwajiri kutangaza kazi kwanza kwa wenyeji lilifutwa njia hii ilipoanza. Lakini akiulizwa, lazima aeleze alimpataje mtu wake na kwa nini nafasi hiyo ni ya kweli.

Hatua ya tatu: Cheti cha udhamini, maarufu kama CoS

Jina linawachanganya wengi. Cheti hiki si karatasi yenye mhuri ya kutundika ukutani. Ni taarifa iliyowekwa kwenye mfumo wa kompyuta wa Home Office, yenye namba yake ya pekee. Kinachomfikia mfanyakazi ni namba hiyo pamoja na maelezo ya kazi: cheo, mshahara, saa za kazi, mahali pa kazi na tarehe ya kuanza.

Viko vya aina mbili. Mfanyakazi aliye nje ya Uingereza anahitaji kile ambacho mwajiri hukiombea kibali kimoja kimoja, akieleza kazi na mshahara wa mtu huyo. Aliye tayari ndani ya nchi na anabadilisha viza au mwajiri hutumia kile kinachotoka kwenye mgao wa mwaka wa mwajiri.

Tofauti hii ina uzito. Ajenti anayejigamba kuwa ana "CoS 20 mkononi" za watu wa Afrika Mashariki haeleweki, kwa sababu cheti cha mtu aliye nje huombwa kwa ajili ya nafasi fulani na huandikwa kwa jina la mtu fulani.

Ada ya cheti ni pauni 525 kwa viwango vya Aprili 2025. Kabla ya hapo ilikuwa pauni 239. Ukishapewa namba, una miezi 3 ya kuitumia kuomba viza.

Hatua ya nne: Sasa zamu ya mfanyakazi

Ukiwa na namba ya CoS, unajaza ombi mtandaoni kisha unaenda kituo cha maombi kuchukuliwa alama za vidole na picha. Vitu vya kuandaa ni hivi:

- Pasipoti na namba ya CoS.
- Uthibitisho wa Kiingereza. Tangu Januari 8, 2026, waombaji wapya wanatakiwa kufikia kiwango cha B2, badala ya B1 ya awali. Aliyesoma digrii kwa Kiingereza nje ya Uingereza anaweza kuitumia baada ya kuthibitishwa na taasisi ya Ecctis. Wauguzi na madaktari waliokwisha kufanya mtihani wa lugha unaokubalika na bodi zao za Uingereza hawarudii mwingine.
- Cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, kwa wanaotoka Kenya, Tanzania na Uganda.
- Cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, kwa kazi za afya, elimu na ustawi wa jamii.
- Akiba ya pauni 1,270 iliyokaa benki siku 28, isipokuwa kama mwajiri wa daraja A amethibitisha kwenye CoS kwamba atakutunza mwezi wa kwanza.

Maombi kutoka nje hujibiwa kwa kawaida ndani ya wiki 3. Siku hizi viza yenyewe ni ya kidijitali, inayoitwa eVisa.

Nani analipa nini?

Hapa ndipo penye utata, na ndipo watu wanapolizwa. Chukua mfano wa mhandisi kutoka Nairobi anayeajiriwa na kampuni kubwa kwa miaka 5.

Mwajiri analipa:

- Leseni: pauni 1,579 kwa viwango vya Aprili 2025, mara moja.
- CoS: pauni 525.
- Tozo ya ujuzi, ambayo serikali humtoza mwajiri kwa kuajiri mtu wa nje. Tangu Desemba 16, 2025 ni pauni 1,320 kwa mwaka kwa kampuni kubwa na pauni 480 kwa ndogo. Kwa miaka 5, kampuni kubwa inalipa pauni 6,600.

Jumla ni pauni 8,704.

Mfanyakazi analipa:

- Ada ya viza ya zaidi ya miaka 3: pauni 1,519 kwa viwango vya Aprili 2025.
- Ada ya afya ya wahamiaji: pauni 1,035 kwa mwaka, hulipwa yote kwa pamoja mwanzoni. Kwa miaka 5 ni pauni 5,175.

Jumla ni pauni 6,694, bila gharama za mtihani wa lugha, kipimo cha kifua kikuu na tiketi ya ndege. Mwajiri akipenda anaweza kumlipia mfanyakazi hizi pia, na wapo wanaofanya hivyo, lakini halazimiki.

Kwa muuguzi mambo ni tofauti. Kwenye Health and Care, viza ya hadi miaka 3 ilikuwa pauni 304 kwa viwango vya Aprili 2025, na ada ya afya halipi kabisa.

Ada hizi hubadilika mara kwa mara, mara nyingi mwezi Aprili, hivyo hakikisha kiwango cha siku unayoomba kwenye gov.uk.

Sasa sheria yenyewe. Tozo ya ujuzi mwajiri haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi hata senti. Na tangu Desemba 31, 2024, haruhusiwi pia kumrudishia mzigo wa ada ya leseni na ada ya CoS, iwe kwa kudai taslimu au kukata mshahara kidogo kidogo. Akifanya hivyo anaweza kupoteza leseni. Mawakala wa ajira wa Uingereza nao wamekatazwa kisheria kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi.

Kwa maneno mengine, angalia pesa inaelekea wapi. Ikielekea serikalini kwa ada ya viza, ni kawaida. Ikielekea kwa mtu ili "akutolee CoS", kuna namna.

Baada ya kufika: Mwajiri bado anakufuatilia

Udhamini hauishii uwanja wa ndege. Ndani ya siku 10 za kazi, mwajiri lazima aiarifu Home Office kama hukuripoti kazini, kama umeacha au kuachishwa kazi, kama umetoroka kwa siku 10 za kazi mfululizo bila ruhusa, au kama mshahara wako umepunguzwa.

Viza imefungwa kwa mwajiri huyo na kazi hiyo. Ukitaka kuhamia kwingine, mwajiri mpya lazima awe na leseni, akupe CoS mpya, na uombe upya kabla ya kuanza.

Kazi ikiisha, au mwajiri akifutiwa leseni, kwa kawaida unapewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine, kubadili aina ya viza au kuondoka. Kama viza yako imebakiza chini ya hapo, unapata siku zilizobaki tu.

Hapa ndipo wengi waliolipia CoS walipoumia. Mtu anatua, anakuta kazi haipo au saa ni chache kuliko za mkataba, na akilalamika anatishiwa kufutiwa udhamini. Deni nyumbani bado linamsubiri.

Kuhusu familia, mwenye kazi ya kiwango cha shahada anaweza kuomba viza za mwenza na watoto wa chini ya miaka 18, kila mmoja kwa ada yake.

Wauguzi: Mkenya na Mtanzania hawasimami sehemu moja

Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Kwa hiyo Kenya iko kwenye orodha ya rangi ya kaharabu katika kanuni za Uingereza za kuajiri wahudumu wa afya. Maana yake, ajira inaruhusiwa, ila kwa kufuata makubaliano ya serikali hizo mbili, si kwa ajenti yeyote aliyejiamulia.

Tanzania na Uganda ziko kwenye orodha nyekundu, kwa sababu zimo kati ya nchi ambazo Shirika la Afya Duniani linasema zina upungufu mkubwa wa wahudumu. Waajiri na mawakala hawatakiwi kwenda huko kusaka wauguzi na madaktari. Lakini mtu binafsi hajafungiwa: akiona tangazo la kazi mwenyewe na kuomba moja kwa moja kwa mwajiri, anaruhusiwa.

Kwa hiyo ajenti anayefanya semina hotelini Dar es Salaam kukusanya wauguzi wa hospitali za Uingereza anakwenda kinyume na kanuni hizo, hata kama ana suti nzuri.

Dalili kwamba unapigwa

- Unaambiwa ulipie CoS, leseni au "nafasi".
- Kazi ni ya uhudumu wa wazee, upishi, udereva au usafi, na wewe uko nje ya Uingereza.
- Hakuna usaili wa maana. Mwajiri wa kweli anatumia maelfu ya pauni, hawezi kukuchukua bila kukuuliza chochote.
- Jina la kampuni halimo kwenye orodha ya gov.uk, au limo lakini barua pepe inatoka kwenye Gmail.
- Mshahara uko chini ya kima, halafu unaambiwa "kwenye makaratasi tutaandika zaidi".
- Unahimizwa ulipe leo kwa M-Pesa kwa sababu nafasi zinakwisha.

Jina kuwemo kwenye orodha peke yake halitoshi, maana matapeli hutumia majina ya hospitali na kampuni za kweli. Tafuta namba ya simu au anwani kwenye tovuti rasmi ya mwajiri, usitumie ile uliyotumiwa, kisha uliza idara ya rasilimali watu kama wanakufahamu.

Kenya, wakala wa ajira za nje anatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Tanzania, pa kuulizia ni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Kwa ushauri wa uhamiaji ndani ya Uingereza, mshauri asiye wakili anapaswa kusajiliwa na Immigration Advice Authority.

Kama umeshalipa

Usifute meseji. Tunza risiti, namba za miamala, sauti na majina yote, kisha ripoti polisi. Na usikubali kuendelea na ombi lenye nyaraka za kughushi ili tu "pesa isipotee". Anayebainika kudanganya kwenye ombi la viza ya Uingereza hunyimwa, na anaweza kufungiwa maombi mengine kwa miaka 10. Pesa inaweza kutafutwa tena. Miaka 10 ya kufungiwa inamfuata hata yule ambaye baadaye amepata kazi ya kweli, kwa mwajiri wa kweli, aliye tayari kumdhamini bila kumdai chochote.